Fundi Anayesikiliza Breki Akiwa Ndani ya Buti

Saa tatu kasoro robo asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na sita anavua kandambili zake, anazipanga kando ya ukuta wa gereji kama mtu anayeingia kulala, kisha anajikunja ndani ya buti la gari dogo la kijivu.

Kichwa anakielekeza upande wa gurudumu la kushoto. Magoti yanagusa tairi la akiba. Chini ya shavu ametandika kipande cha godoro, maana bati la gari halina huruma na uso wa mtu.

“Funga,” anasema.

Mwenye gari, mkunga wa zahanati ya mtaa wa pili, anasita, mkono ukiwa juu ya mlango wa buti. Amekuja kutengenezewa breki za nyuma zinazosaga. Kumfungia mtu mzima ndani ya gari hakukuwamo katika ratiba yake ya leo.

“Dada fundi, hewa utapata kweli?”

“Nilianza kuingia humu kabla wewe hujajua usukani. Funga, mama. Zunguka mtaa mara mbili, mwendo wa mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Nikigonga, kanyaga breki kidogo kidogo. Usikanyage kama unaua nge.”

Mkunga anafunga. Gari linatoka likisaga nyuma, sauti ya chuma juu ya chuma, kiasi kwamba muuza vocha wa nje anainua kichwa na kukunja uso. Mafundi wengine hawageuki hata kidogo. Wameshazoea kumwona mwenzao akisafirishwa kama mzigo.

Hapa gerejini hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Sikio, na wenye adabu humwita Dada Sikio. Ana miaka ishirini na miwili katika kazi hii, na zaidi ya nusu ya magari anayoletewa yana ugonjwa mmoja: yanasaga, yanalia au yanagonga nyuma, na mafundi wawili au watatu wameshashindwa.

Siku njema anapata magari matatu. Siku mbaya hapati hata moja, na wiki za namna hiyo amezizoea. Kodi ya eneo lake, nguzo nne na paa la bati, humeza malipo ya magari matano kila mwezi kabla hajanunua hata kibiriti.

Gari la kijivu linarudi. Buti linafunguliwa, Sikio anatoka akianza na mguu mmoja, magoti yakitoa mlio. Hasemi ni nini. Kwanza anauliza.

“Inasaga hata usipokanyaga breki?”

“Hata nisipokanyaga. Nimebadilisha pedi mara mbili mwezi huu. Fundi wa kwanza alisema zimeisha. Wa pili akasema diski zimeliwa, akazichonga. Nikafika nyumbani, ikaanza tena.”

“Kwako pana mteremko?”

“Mkali. Navuta breki ya mkono hadi mwisho.”

“Na ukiondoka, unaishusha yote?”

Mkunga anatazama pembeni. Halafu anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebambwa. “Nikipigiwa simu kwamba mama fulani ameanza uchungu, mimi naruka kwenye gari. Siku nyingine nakumbuka breki ya mkono nimeshafika kwenye taa za barabarani.”

“Basi mgonjwa ni huyo,” anasema Sikio.

Anamweleza huku akiweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele na kupandisha jeki. Magari ya aina hii yana breki mbili nyuma. Kuna pedi zinazobana diski, hizo kila fundi anaziona. Lakini ndani ya diski hiyo hiyo, katikati, kuna viatu viwili vidogo vya breki ya mkono, na kila kiatu kimebandikwa ukanda mgumu wa kusugua. Ukiendesha huku breki ya mkono imeinuliwa, viatu vinachemka, gundi inaachia, ukanda unabanduka na kuzunguka humo ndani ukisagwa.

Analegeza nati, anatoa gurudumu. Anafungua kalipa, kile kishikio cha pedi, na kukitundika kwa waya ili mpira wa mafuta usivutike. Diski imegoma kutoka kwa kutu. Haipigi nyundo. Anaingiza bolti mbili katika matundu yake, anakaza moja kidogo, anahamia ya pili, anarudi ya kwanza, mpaka diski yenyewe inaachia na kumwangukia mikononi.

Ndani kuna vumbi jeusi, vipande vitatu vya ukanda, na kiatu kilichobaki chuma kitupu. Anakiweka kwenye kiganja cha mkunga.

“Tazama pedi zako zilivyo mpya. Hazina kosa lolote. Zimebebeshwa kosa la mwingine mara mbili, kwa sababu zenyewe ndizo zinazoonekana.”

Anasema hivyo, kisha anaigeukia diski. Anachukua msasa na kuanza kusugua kutu.

Mkunga anatumwa dukani kununua viatu vipya. Akiwa hayupo, Sikio anasafisha kila kitu kwa brashi, anapaka grisi kidogo mahali viatu vinapoegemea, wala haruhusu tone liguse pale panaposugua. Mikono yake ni mikubwa, kucha zimekatwa fupi. Kwenye kidole cha shahada cha kulia ana kovu refu, kumbukumbu ya springi iliyochomoka miaka mingi iliyopita.

“Shida ya kazi yangu ni kwamba haifanywi na mtu mmoja,” anamwambia mwandishi wa makala haya, aliyekaa naye tangu asubuhi. “Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nikiwa kwenye buti lazima awepo wa kuendesha, na wateja wengi hawajui kuendesha kwa ajili ya kusikilizwa. Wanakimbia, au wanasimama ghafla, mimi nagonga kichwa. Leseni sina. Sikuwahi kuihitaji. Nilikuwa na mtu wangu.”

Mtu wake alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye dada anamzidi miaka minne. Wote wawili waliingia kazini kwa baba yao, fundi aliyefariki wakiwa bado wanajifunza. Watoto wakagawana alichoacha: dada akachukua boksi la spana, mdogo akachukua usukani. Wateja walimwita Taratibu, kwa kuwa alikuwa akisimamisha gari mpaka abiria wa nyuma haoni tofauti kati ya kwenda na kusimama. Mzee mmoja aliapa kwamba aliwahi kunywa chai ndani ya gari analoendesha Taratibu, na shati lake likabaki jeupe.

Walikuwa na lugha yao. Dada akigonga mara moja, Taratibu anakanyaga breki. Mara mbili, anakata kona kulia. Mara tatu, kushoto. Akikwaruza kwa kucha, anarudi gerejini. Siku moja askari wa barabarani alilisimamisha gari na kuomba leseni, na kabla hajaipokea akasikia buti likigonga mara mbili. Askari akaruka nyuma. Taratibu, bila kuzima injini, akamwambia: “Afande, huyo ni dada yangu. Yuko kazini.”

Sikio anapousimulia mkasa huo anacheka mpaka anashika mbavu. Kisha anafuta macho kwa mgongo wa mkono, na haieleweki wazi anafuta machozi gani.

“Nammisi,” anasema. “Sina neno jingine. Nikifungiwa humo ndani gizani, bado nagonga kama yeye ndiye yuko mbele.”

Taratibu aliondoka miaka kumi na moja iliyopita. Sasa anaendesha malori ya safari ndefu.

Fundi wa umeme, jirani wa Sikio kwa miaka kumi na minne, amekaa hatua tatu kutoka hapo akichubua waya. Anasikia mazungumzo, na kwa kuwa ni mtu mkarimu wa maneno, anaingilia.

“Dogo alikuwa fundi mzuri, bahati tu haikuwa yake,” anamwambia mwandishi. “Kuna teksi alifunga vibaya, gurudumu likaharibikia njiani. Akaona aibu, akaenda kwenye malori. Ni mambo ya kazi, hakuna asiyekosea. Mimi namwambiaga dada hapa, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawa hata hawakugombana. Kijana aliona aibu tu.”

Sikio anaweka brashi chini.

“Kaka,” anasema, “si kweli.”

“Nini si kweli?”

“Hilo la teksi. Miaka yote hiyo nimekuacha ulisimulie hivyo. Hukuambiwa kweli.”

Fundi wa umeme anaacha kuchubua waya.

Ilikuwa teksi nyeupe, anaeleza Sikio, na ilikuwa ikisaga nyuma kushoto. Aliingia kwenye buti, Taratibu akashika usukani. Waliporudi, yeye alikuwa na uhakika wake: viatu vya breki vimeisha. Taratibu alikuwa na uhakika mwingine. Alisema akikata kona kulia, gari likiegemea upande wa kushoto, mlio unaongezeka. Akikata kushoto, unafifia. Breki haina tabia hiyo. Beringi ya gurudumu, ile pete ya gololi inayoliwezesha kuzunguka, ndiyo yenye tabia hiyo.

“Alinieleza kwa adabu, mbele ya mwenye teksi na mafundi sita. Wewe kaka ulikuwepo. Mimi nikamjibu, ‘Wewe endesha, masikio niachie mimi.’ Mkacheka wote, alichosema mkakisahau. Na mimi nikacheka.”

Taratibu hakubisha. Dada ni dada. Alifunga viatu vipya yeye mwenyewe, kazi safi. Siku ya nne teksi ilirudi ikivutwa, gurudumu limelala upande, beringi imesagika na kula chuma kilichoishikilia. Aliyekuwamo ndani alitoka salama. Mwenye teksi alisimama katikati ya gereji akiuliza kwa sauti ni nani aliyemfanyia vile.

Sikio anainua kidole chenye kovu, anakielekeza mahali pasipo na mtu, pale panapowekwa matairi mabovu.

“Nikamwonyesha. Nikasema, ‘Ni mdogo wangu ndiye aliyefunga. Hakukaza vizuri.’ Alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama. Nikasubiri aseme, maana angesema neno moja tu ningeumbuka. Hakusema. Aliinama, akachukua spana, akaanza kuifungua ile teksi. Aliitengeneza siku mbili, bure. Siku ya tatu hakuja kazini.”

Fundi wa umeme anauliza kwa upole kwa nini alifanya vile.

“Wakati ule nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Mteja anakuja hapa kwa sababu ya hili sikio. Likionekana linakosea, nani atakuja? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya nikapata usingizi.” Anatikisa kichwa. “Niliona haya, kaka. Basi. Niliona haya kukosea mbele ya watu, nikamrushia yeye. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi niliambiwa dawa nikacheka.”

Mkunga anarudi na boksi la viatu vipya, anakuta brashi iko chini na waya haujachubuliwa. Ana akili ya kutouliza. Anavuta ndoo, anaigeuza, anakaa.

Kazi inaendelea. Sikio anafunga viatu, anarudisha springi kwa koleo, anageuza kigurudumu kidogo chenye meno kinachovitanua viatu, jino moja moja, akizungusha diski kwa mkono kila mara, mpaka inapozunguka ikigusa kwa mbali sana. Upande wa kulia nao anaufungua, ingawa haukuwa ukilia. Humo ukanda umeanza kuinuka pembeni, bado siku chache nao ubanduke.

Huku mikono ikifanya kazi, anasimulia maisha ya baada ya hapo. Taratibu hakumnunia, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi. Hupiga simu kila Jumapili. “Shikamoo dada.” “Marahaba, umeamkaje?” Anauliza afya ya mama, anatuma pesa ya dawa za mama, anawasalimia wapwa zake kwa majina. Gereji haulizii. Na Sikio akianza tu kusema, “Mdogo wangu, ile siku,” Taratibu humkata: “Dada, mtandao unasumbua.”

“Mtandao ambao dakika moja nyuma ulikuwa mzima kabisa,” anasema Sikio. “Alinistahi siku ile, na bado ananistahi. Sijui heshima hiyo nitaifanyia nini.”

Mama yao anaishi na Sikio na watoto wake wawili katika nyumba ya vyumba viwili. Katika miaka kumi na moja, Taratibu amekuja mara nne kumwona mama, na mara zote nne amekuja katikati ya juma, saa za mchana, wakati dada yuko kazini. Mara ya mwisho Sikio alirudi jioni akakuta bomba la jikoni, lililokuwa likivuja tangu mwaka uliopita, halivuji hata tone. Mama akamwambia, “Mdogo wako alipita. Ratiba za malori hizi, mwanangu, hazimwachi mtu akae.”

“Nilifungua lile bomba, nikalifunga. Nikafungua tena, nikafunga. Mama akauliza unafanya nini, nikasema naosha mikono. Kiti alichokalia kilikuwa bado karibu na dirisha. Watoto walitaka kukirudisha mezani, nikawaambia wakiache.”

Fundi wa umeme, ambaye kwa kawaida ana ushauri kwa kila jambo, leo anao mmoja tu. “Si umwandikie ujumbe kwenye simu, dada? Maneno mawili. Asipotaka kusikia, atasoma.”

“Nimeuandika mara nyingi, nikaufuta. Kaka, mimi nilimwangusha mbele za watu. Nikimwinua chumbani, bado kwa watu yuko chini. Wewe mwenyewe umekaa hapa umemwambia mgeni kwamba dogo alifunga vibaya. Umesema bila ubaya wowote. Na wewe si wa kwanza, na kwenye malori wako madereva waliopitia gereji hii wanaomjua kwa hadithi hiyo hiyo.”

Ndipo anapoeleza kwa nini alikubali makala haya. Mwandishi alimwomba mara mbili, akitaka kuandika habari za mwanamke anayetengeneza breki, naye mara zote mbili alikataa, akisema breki hazijui nani mwanamke. Mara ya tatu aliuliza swali moja tu: kama gazeti hili linauzwa kwenye maegesho ya malori ya safari ndefu. Alipojibiwa kwamba linauzwa, na kwamba madereva ni wasomaji wakubwa kwa kuwa wanasubiri kupakiwa siku nzima, akasema njoo kesho.

Saa sita kasorobo gari la kijivu linashushwa chini. Mkunga anakaa kwenye usukani, Sikio anarudi ndani ya buti, mlango unafungwa. Wanazunguka mtaa mara mbili. Muuza vocha safari hii hainui kichwa, kwa kuwa hakuna mlio wa kumfanya akiinue.

“Kimya,” anasema Sikio akitoka. “Sasa ukiwa na haraka ya uzazi, mtoto asubiri sekunde moja ushushe breki ya mkono. Hawezi kurudi alikotoka.”

“Mimi nasikiliza watoto nikiwa nje ya tumbo,” anasema mkunga akitoa malipo, “wewe unasikiliza gari ukiwa ndani. Sijui nani ana kazi ngumu.” Kabla ya kuondoka anaushika mkono wa Sikio kwa mikono yake miwili, bila kujali grisi, na kuushikilia kidogo. 

Mipango ya Sikio si mingi. Jumamosi gazeti likitoka atanunua nakala mbili. Moja ataibandika kwenye nguzo ya gereji, mahali mteja anapopaona kabla ya kuona kitu kingine. Kama wateja watapungua, wapungue, amekwisha kulipigia hesabu hilo. Nyingine atakwenda nayo nyumbani, amsomee mama yake yeye mwenyewe, maana macho ya mama hayasomi tena na hataki asomewe na jirani.

Hatarajii mdogo wake arudi gerejini. Ana kazi yake, na inasemekana ni dereva anayeheshimika. Anachokitaka dada ni kidogo kuliko hicho, na amekihitaji kwa miaka kumi na moja: Taratibu aje kumwona mama siku ya Jumapili, saa ambazo dada yuko nyumbani.

“Aje akijua kwamba nipo,” anasema. “Akae kwenye kile kiti. Hata asiposema kitu.”

Anamwomba mwandishi afungue daftari na aandike sehemu moja kama atakavyoitamka, bila kuipamba. Anajipangusa mikono kwanza, kidole kwa kidole, halafu anatamka polepole: “Ile teksi nyeupe ilikuwa beringi, nyuma kushoto. Taratibu alisema mapema, mbele ya watu, nami nikamcheka. Alifunga kila kitu sawasawa. Aliyekosea ni mimi, dada yake.”

Kisha anataka asomewe. Anainamisha kichwa na kusikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba. Fundi wa umeme naye anasikiliza.

“Rudia pale kwenye ‘nikamcheka’,” anasema.

Mwandishi anarudia.

“Hapo pamepungua. Ongeza, ‘na nikamsingizia.’”